Kombi ya Sindano Sitini

Kombi yenyewe haikuwa na injini. Naanza hapo kwa sababu watu wakisikia kwamba niliwahi kuishi ndani ya gari msimu mzima wa baridi hudhani nilikuwa nasafiri. Sikusafiri popote. Ilikuwa imewekwa juu ya mawe manne nyuma ya yadi ya mbao mjini Machakos, na tuliishi humo mimi na mama yangu kwa sababu hospitali ilitaka achomwe sindano kila siku kwa siku sitini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kifua kikuu kilikuwa kimemrudia mama. Mara ya kwanza alikunywa vidonge miezi miwili, akapata nguvu, akarudi shambani kwetu Mwala na kuviacha. Sasa muuguzi wa chumba cha kifua, mwanamke wa makamo ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alitueleza bila kuzunguka. Safari hii ni vidonge pamoja na sindano. Siku zisikatike. Zikikatika, tunaanza upya, na kuanza mara ya tatu yeye hawezi kuahidi kitu.

"Ugonjwa unazoea dawa," alisema. "Ukizoea hii, mimi sina ingine kwa kabati."

Akaniangalia mimi, si mama. "Mlete haraka. Wiki hii, au wiki ijayo."

Kutoka Mwala hadi mjini mtu mgonjwa hawezi kwenda na kurudi kila siku. Tulikwenda kwa shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliyekuwa na nyumba karibu na hospitali. Alituletea chai nje, tukanywea mlangoni. "Wifi, unajua vile nakupenda," alimwambia mama, "lakini nyumba yangu iko na watoto." Vikombe tulivyonywea hakuvirudisha ndani. Aliviacha juu ya ukuta, na tulipofika kwenye geti niligeuka nikamwona anavichukua kwa kipande cha gazeti.

Nilimwambia mama papo hapo, barabarani, kwamba nina mahali. Nilikuwa nafanya kazi kwa mzee mmoja mwenye yadi ya mbao, Mwislamu aliyezaliwa hapo mjini, ambaye baba yake alitoka pwani zamani. Nyuma ya yadi kulikuwa na kombi iliyokuwa stoo ya misumari. Nilipomwomba, alicheka. "Ichukue. Hata panya wameichoka."

Mama alirudi Mwala kungoja. Mimi nikaanza kutengeneza.

Hapa ndipo ninapoona vigumu kueleza bila kujitetea. Niliacha shule kidato cha pili. Useremala, nyaya za umeme, kuunganisha betri, yote nilijifundisha kwa kufungua vitu vya watu na kuvifunga tena. Aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia imetosha. Nikipiga randa ubao, naupiga mpaka unapungua kuliko nilivyoupima, kisha natafuta mwingine.

Na nilikuwa na jarida. Nililitoa kwenye rundo la karatasi za kufungia misumari, la Kizungu, halina jalada, na ndani yake kulikuwa na kurasa sita kuhusu watu wa nchi za theluji wanaokaa ndani ya magari majira yote ya baridi. Kulikuwa na picha ya mwanamke amevaa soksi nene, ameshika kikombe, na dirishani mwake kila kitu ni cheupe. Nilizisoma kurasa hizo kwa kamusi, neno baada ya neno. Jaza kuta kitu laini. Ziba kila tundu. Tengeneza benchi ambalo usiku linakuwa kitanda. Nilifuata kila kitu. Waliandika kwamba lazima uwe na koleo la theluji, nikatia koleo chini ya benchi.

Machakos haina theluji, lakini Juni hadi Agosti ukungu unashuka kutoka vilima vya Iveti na kukaa juu ya mji mpaka saa nne. Kuna manyunyu ambayo hayanyeshi wala hayakomi. Mama alikuwa amezoea joto la Mwala. Niliwaza kwamba baridi ndiyo adui, na adui huyo ningeweza kumzibia njia.

Nilishindilia maranda ya mbao kati ya bati na plaiwudi. Nilikata tyubu za baiskeli vipande virefu, nikavigundisha kuzunguka milango. Madirisha niliyaziba kwa pati. Kisha nikalala humo ndani, kila siku, kwenye kile kitanda, ili nijue baridi inapitia wapi. Asubuhi naandika kwenye daftari: bega la kushoto, baridi kidogo, kisigino, baridi. Naziba hapo. Nalala tena.

Vijana wa yadi walikuwa wananipita wakielekea kazini. "Niaje, mzungu wa kombi," mmoja alikuwa akisema. "Theluji imeanguka?"

"Bado," mwingine anamjibu. "Anangoja ikuje ndio aoe."

Ile kazi ilikuwa imekwisha kwa siku nane. Lazima niseme hivyo kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Siku ya nane mama angeweza kuingia. Lakini mlango wa kabati ulikuwa unagusa komeo la dirisha ukifunguliwa wote, na droo ilikuwa ikitoka upande mmoja kabla ya mwingine. Nilituma ujumbe Mwala kupitia jirani: bado kidogo. Nikabomoa kabati. Wiki ya pili nikatuma tena: bado kidogo. Ziliisha wiki tatu. Mama alikuwa huko anakohoa kwenye kitambaa, na mimi nilikuwa hapa napiga msasa droo.

Nilipompeleka hospitali hatimaye, muuguzi alitazama tarehe kwenye kadi, akanitazama.

"Kijana, mlikuwa wapi?"

Mama alinijibia. "Ni mvua," alisema. "Barabara ilikuwa imekatika."

Mvua za masika zilikuwa zimeisha siku nyingi. Muuguzi alijua, mama alijua, mimi nilijua. Akachomwa sindano ya kwanza, akatiwa alama kwenye kadi, tukaenda kuiona kombi.

Nilimwonyesha kila kitu. Nilifungua droo, nikaifunga kwa kidole kimoja. Niliwasha taa ya betri. Kati ya viti vya mbele na nyuma nilikuwa nimeweka ukuta wa plaiwudi, mimi nilale mbele, yeye nyuma, kila mtu na mlango wake, kwa sababu kijana mtu mzima halali chumba kimoja na mama yake. Nilijivunia sana kwamba hilo nililikumbuka. Kisha nikavuta benchi, likafunguka likawa kitanda bila kelele hata kidogo, nikasema, "Mwaitu, keti."

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, naye huniita mwana wakwa, yaani mwanangu. Hakuketi. Alisimama ameinama kidogo kwa sababu ya paa, mkono mmoja kwenye mlango.

"Hapa nani amekuwa akilala?" aliuliza.

"Mimi. Nilikuwa najaribu."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu."

Alishuka polepole, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, miguu nje, akafunga leso yake vizuri mabegani.

Kwetu mama haketi kwenye kitanda cha mwanawe aliyekwisha kutahiriwa. Hata mwana akiwa mgonjwa wa kubebwa, mama humletea uji akakaa kwenye kiti. Hii si siri ya wazee. Niliijua tangu nilipotolewa nyumba kubwa nikapewa chumba changu. Nilikuwa nimeona mama, nikiwa na malaria, amesimama saa nzima chumbani mwangu kwa sababu hakukuwa na kiti. Na kule kujaribu kwangu, kule kuandika bega la kushoto na kisigino, ndiko kulikokifanya kitanda kuwa changu. Kama ningekuwa mvivu, kingekuwa chake.

"Nitabadilisha godoro," nilisema.

"Kitanda ni kile kile, mwana wakwa."

"Basi utalala wapi?"

"Chini kunatosha."

Alilala chini. Ile nafasi ya katikati niliipima mwenyewe, upana wa mtu mmoja akilala ubavu. Alitandika gunia, juu yake blanketi, na kitanda kikawa hapo juu yake, kitupu. Mimi nilikuwa mbele, nyuma ya ukuta wangu wa plaiwudi, usukani umenibana tumboni. Nisingeweza kukilalia kitanda mama yuko chini. Kwa hiyo hakikulaliwa na mtu.

Asubuhi tulikwenda hospitali kwa miguu, polepole, kupitia ukungu. Mama alikuwa ananyoosha mgongo kwanza kwa kushika ukuta wa yadi.

Siku ya kumi hivi niliamua kukibomoa kitanda chote na kutengeneza kingine kwa mbao mpya, godoro jipya, kitu ambacho mwili wangu haujagusa. Mzee wa yadi alinipa saiprasi nzuri bila kuniuliza. Mama alikubali. Alisema, "Kikiwa kipya, sawa." Nilimwona amefurahi, hata akaniuliza kama naweza kukiinua kidogo upande wa kichwa kwa ajili ya kifua. Nilifanya kazi siku tatu. Siku ya tatu mke wa mzee ndiye aliyemsindikiza mama hospitali ili mimi nimalizie.

Nilimaliza kabla hawajarudi. Kilikuwa sawa. Nilikiwekea pimamaji, kitone cha hewa kikakaa katikati. Lakini nilipokibonyeza kwa mkono upande wa miguu, nilisikia mlio. Mdogo sana. Nikabonyeza tena. Mkono hautoshi kujua mlio unatoka kiungo kipi. Nilijiambia nitakaa tu, kidogo. Kisha nikajiambia kwamba mtu aliyekaa hatoi mlio sawa na mtu aliyelala.

Walinikuta nimelala chali, pimamaji juu ya kifua, nikijigeuza kushoto na kulia.

Mke wa mzee alikuwa wa kwanza kuona. "Wewe fundi," alisema, "wewe ni mtu au ni nini?"

Mama alisimama nyuma yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kujua. "Wacha tu," alisema. "Chini nimepazoea."

Niliomba msamaha. Nikasema nitaanza tena, mbao zipo. Akaniambia nisimwombe mzee wa watu mbao zingine. Nilitoka nikaenda nyuma ya rundo la mikaratusi nikalia, na nilipokuwa nalia bado nilikuwa nafikiria ule mlio.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Muuguzi alimuuliza mama tunalala vipi, na mama akasifu, kwa nia njema kabisa, jinsi mwanawe alivyoziba kila tundu. Muuguzi aliweka sindano chini.

"Madirisha yamezibwa?"

"Yote," nilisema.

"Sasa wewe unalala na kifua kikuu ndani ya mkebe. Unataka nikutafutie kadi yako? Fungua madirisha. Yote. Hewa ipite."

"Ni baridi sana, sista. Nikifungua nusu?"

"Nusu haitoshi."

Nilirudi nikakata pati kwa kisu, ile niliyoilainisha kwa kidole kilicholowa mate. Nikabandua mpira wa tyubu. Ukungu uliingia siku hiyo hiyo. Baridi, kama ambavyo mtu yeyote angeniambia ningemuuliza, hushuka chini, na chini ndiko mama alikokuwa. Maranda ya kutani yalinyonya unyevu, plaiwudi ikavimba, ile droo ikakataa kufunguka kabisa. Nilimpa blanketi zangu zote. Nilipasha mawe jikoni kwa mke wa mzee, nikayafunga kwa matambara ayaweke miguuni. Yalipoa kabla hajamaliza kusali.

Julai ilipofika katikati, mama alianza kusema juu ya Mwala. Mwanzoni kwa utani. Kwamba mbuzi watakuwa wamemsahau. Kwamba huko jua linapiga kana kwamba halijasikia kuna Julai. Kisha asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, blanketi zimekunjwa, kikapu chake kimefungwa kamba. Sindano zilikuwa thelathini na nne.

"Nipeleke nyumbani," alisema.

"Mwaitu, zimebaki ishirini na sita."

"Nimehesabu pia."

"Ukikatiza tunaanza upya. Ulimsikia."

"Nilimsikia. Na wewe nisikie. Kifua kinaniuma, lakini hiki ninachokufa nacho hapa si kifua, ni baridi ya hii sakafu. Kama ni kufa, nitafia kwangu, kwa kitanda changu."

Nilimwambia mambo mengi. Nilipiga magoti kwenye tope, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata kanisani. Nilisema nitatengeneza kitanda cha tatu, na nitafunga mikono yangu. Alinishika kichwa, akasema, "Mwana wakwa, umefanya kazi sana," na alipolisema hilo nilijua amekwisha kuondoka. Ningeweza kukataa kumpeleka. Angekwenda peke yake. Sikuwa na kitu kingine cha kuchomoa kichwani. Yale majuma matatu yalinijia, nikafikiri kwamba kama tungeanza siku ile ya nane, leo zingekuwa zimebaki kumi na tatu, na kwa kumi na tatu angevumilia.

Mke wa mzee alitukuta hivyo, mimi magotini, mama amenishika kichwa. Alikuwa na sinia la mchele anauchambua huku anatembea.

"Mnaombeana?" aliuliza.

Mama akamwambia anakwenda kwao.

"Huendi," alisema, kama mtu aliyeulizwa iwapo sukari ipo. "Dada, kitanda unachokataa ni hiki cha huyu mwanao?"

"Ni hicho."

"Na kingine chochote utalala?"

"Kama si cha mwanangu wala cha mkwe wangu."

Mwanamke yule aliweka sinia juu ya koleo langu la theluji, lililokuwa limelala hapo mlangoni, akawaita vijana wa yadi. Juu ya boriti za banda la mbao kulikuwa na kitanda cha zamani cha kamba, chenye miguu iliyochongwa, kilicholetwa kutoka pwani na mama mkwe wake. Walikishusha. Vumbi lilianguka, na buibui mmoja. Mguu mmoja ulikuwa mfupi.

"Alikilalia nani?" mama aliuliza.

"Mama mkwe. Alifia hapo, Mungu amrehemu, akiwa mzee kuliko sisi wote."

Mama aliketi mara moja. Alijigeuza, akainua miguu, akalala. Kitanda kilipiga kelele kama mlango wa ghala. Alifumba macho.

Walimwekea kwenye banda lenyewe, ambalo lina paa na nguzo na halina ukuta hata mmoja. Vijana walipanga mbao pande mbili zikawa kinga ya upepo, wakaacha wazi pande zingine. Nilichukua nyundo nikakaribia. Nilitaka tu kuweka kabari chini ya ule mguu mfupi.

"Wewe," alisema mke wa mzee. "Usiguse. Hata msumari."

Sikugusa. Kila asubuhi nilimwamkia mama nikiwa nimesimama nje ya zile nguzo, mikono mfukoni, nikiangalia kitanda kimelala upande. Alikuwa anakohoa kidogo kuliko jana yake, au nilitaka iwe hivyo. Mwanamke yule alimletea chai ya tangawizi, wakawa wanakaa mbali kidogo mmoja na mwingine, hewa inapita katikati, wanachambua mchele, wananicheka. Muuguzi alipoambiwa mama analala bandani, alisema, "Hapo sawa," na hakuuliza zaidi. Mimi nilirudi kwenye kombi. Nililala mbele, nyuma ya ukuta wangu, usukani tumboni, kwa sababu kukilalia kile kitanda kulinishinda.

Sindano ya sitini ilichomwa mwezi wa nane. Lakini sindano kwisha hakukuwa kupona. Alitakiwa atoe makohozi, yapimwe, turudi baada ya siku tatu.

Siku hiyo ya tatu tulikaa kwenye benchi la nje ya maabara tangu asubuhi. Nilikuwa nimezoea kuwa na kitu mkononi, na sikuwa na kitu. Nilihesabu vigae. Nilimwona mama ametulia, mikono mapajani, anasinzia. Nilitaka kumwambia kuhusu siku nane na siku ishirini na moja. Nilifungua mdomo mara mbili. Nilijua kwamba kama jibu litakuwa baya sitaweza kumwambia kamwe, na kama litakuwa zuri sitaona haja. Niliufunga mdomo mara mbili.

Muuguzi alitoka na karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akamwangalia mama, si mimi.

"Ni safi," alisema. "Hatujaona kitu. Vidonge utaendelea navyo huko nyumbani, miezi yote, na ukiviacha tena usikuje hapa kunisalimia."

"Sitaviacha," mama alisema. Alisimama, akafunga leso, akaniambia anakwenda kumuaga mke wa mzee na kwamba nimfuate na kikapu.

Nilibaki pale nikimtazama anavyokwenda kwenye korido, bila kushika ukuta, na nikajua kwamba kama karatasi ingesema vingine ningekuwa nimekaa vivi hivi, mahali hapa hapa, mikono hivi hivi. Muuguzi alinigusa bega.

"Sogea kidogo, kijana," alisema. "Kuna mgonjwa anataka kukaa."

Nikasogea.